Nusu ya Nyumba, kwa Adabu Zote

Kwa miaka thelathini na minne Avril Holroyd aliwapikia chakula cha mchana watoto mia mbili wa shule moja ya Todmorden, mji mdogo wa bondeni kaskazini mwa Uingereza, na katika miaka yote hiyo hakumkaripia hata mmoja. Mtoto akibwaga sahani ya karoti sakafuni, Avril alisema, "Naona karoti za leo hazikukupendeza, mpenzi." Mtoto akimmwagia mwenzake bakuli zima la kastadi kichwani, Avril alisema pengine siku nyingine lingekuwa jambo zuri kutumia kijiko. Siku ya kumuaga, mwalimu mkuu alimsifu kwa sifa kubwa kuliko zote zinazotolewa katika bonde lile: alisema Avril hakuwahi kumsumbua mtu. Avril akalia kwa furaha, kisha akaomba radhi kwa kulia.

Tusimcheke peke yake. Huko mvua hunyesha siku nyingi kuliko ambazo hainyeshi, na watu huiita manyunyu. Mtu akikanyagwa kidole cha mguu dukani, aliyekanyagwa ndiye anayeomba samahani, na aliyekanyaga humsamehe kwa ukarimu.

Alipofika miaka sabini na moja, Avril alikuwa na nusu ya nyumba, kaka mzima, na Idwal Prosser siku mbili kwa wiki.

Nyumba ilikuwa ya mawe, ya katikati ya safu, namba tisa, na mama yao ndiye aliyewaachia yeye na kaka yake Clifford. Clifford alikuwa na miaka sabini na sita. Maisha yake ya kazi aliyamaliza ndani ya kibanda cha ishara za reli, akivuta kamba na vyuma ili treni za watu wengine ziende mahali. Aliwahi kuoa. Ndoa ilidumu miezi kumi na minne, kisha mkewe Rosalind akaondoka na mwanamume aliyeuza nyumba za magurudumu, na Clifford akarudi kwa mama yake kwa wiki mbili tu, hadi atakapojipanga. Huo ulikuwa mwaka 1983. Alikuwa bado anajipanga.

Idwal alikuwa mtu wa Wales, mgane, mpigaji wa tarumbeta kubwa katika bendi ya mji. Alikuja Jumanne baada ya mazoezi na Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na alikuwa amekuja hivyo kwa miaka kumi na tisa. Clifford alimwita "yule wa tarumbeta", na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumkaribisha kupita jikoni. Idwal alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa nyuma, koti mwilini, kama mtu anayesubiri basi. Kuoana walikuwa wamekuzungumzia mara moja, mwaka wa nne. Lakini nani angempikia Clifford? Basi wakaliahirisha hadi wakati mzuri zaidi, na wakati mzuri zaidi, kama desturi yake, haukuja.

Mwezi Oktoba daktari alimwambia Avril kwamba kilango kimoja cha moyo wake kimechoka na lazima kibadilishwe. Watampasua katika hospitali kubwa ya Leeds, Alhamisi ya tarehe kumi na nne Novemba. Tisa kati ya kumi, alisema daktari, hutoka salama. Avril, kwa jinsi alivyolelewa, aliwaza papo hapo kwamba si vizuri kugombea nafasi na wale tisa.

Na wiki ileile Idwal aliambiwa kwamba duka la samaki na chipsi, ambalo juu yake ndiko alikopanga chumba, limeuzwa. Ahame kabla ya Krismasi. Idwal alilieleza jambo hilo kwa Avril kama mtu anayetaja kwamba kuna baridi kidogo.

Avril alipanda juu, akatoa kwenye droo ya soksi wosia wake, alioujaza miaka kumi iliyopita kwenye fomu ya kununua, akaupeleka kwa wakili. Wosia ulisema nusu yake ya nyumba aachiwe Idwal Prosser. Alitaka tu kuambiwa kwamba uko sawa.

Wakili, Bi Cunliffe, aliusoma mara mbili, akavua miwani.

"Ni wosia mzuri," akasema. "Mwandiko unasomeka. Mashahidi wapo. Una kasoro moja, haufanyi kazi."

"Haufanyi kazi vipi?"

"Kwa nyumba. Vikombe atavipata."

"Lakini nusu ni yangu."

"Huna nusu, Bi Holroyd. Mama yenu aliwaachia nyumba kwa pamoja, bila kuigawa. Kisheria ninyi ni mwenye nyumba mmoja mwenye vichwa viwili. Kichwa kimoja kikianguka, mwili mzima unabaki na kile kingine. Wosia haupati hata pa kushika."

"Kwa hiyo nikifa ile Alhamisi?"

"Nyumba yote ya kaka yako, kabla chai yako haijapoa."

"Na Idwal?"

"Anabaki na tarumbeta."

Avril akatazama mikono yake. Bi Cunliffe akamwonea huruma, kwa kiasi ambacho mawakili huruhusiwa.

"Dawa yake ni rahisi," akasema. "Unamwandikia kaka yako barua kwamba unauvunja umoja huo. Ukishauvunja, kila mmoja ana nusu yake, na nusu yako inafuata wosia. Hahitaji kukubali. Hahitaji hata kuisoma. Ila iwe kwa maandishi, imfikie nyumbani, na iseme unavunja sasa. Ofisi itakuandikia leo."

"Hapana, asante sana. Barua ya wakili ndani ya nyumba moja? Cliff ataona namfokea. Nitaandika mwenyewe."

Bi Cunliffe alizaliwa bonde hilohilo. Alimtazama Avril kama mtu anayemwona kondoo akielekea kwenye reli. "Basi andika," akasema. "Kisha uniletee nakala."

Barua zenyewe hazikuwa jambo geni namba tisa. Kwa sauti, Avril na Clifford waliongea habari za hewa. Mambo mazito, kama bomba linalovuja au kifo cha shangazi, yaliandikwa nyuma ya bahasha kuukuu na kuwekwa chini ya kopo la chumvi, msomaji ayakute kwa wakati wake na asilazimike kukunja uso mbele ya mtu.

Barua ya kwanza ilimchukua Avril jioni mbili. Alitumia karatasi nzuri.

"Mpendwa Clifford, natumaini hujambo. Najua una mambo mengi. Nilikuwa nawaza tu, kama haitakusumbua, siku moja ukipata nafasi, pengine tungeweza kufikiria kuhusu nyumba, yaani kila mmoja awe na nusu yake. Hakuna haraka hata kidogo. Samahani kwa kukuchosha. Dada yako, Avril."

Asubuhi aliikuta chini ya kopo la chumvi. Clifford alikuwa ameongeza kwa penseli: "Hakuna shida. Maziwa yameisha. C."

Avril alipeleka nakala kwa wakili akiwa na furaha. Bi Cunliffe aliisoma kimya.

"Hii si notisi," akasema. "Hii ni kuomba radhi kwa kuwa na wazo."

"Lakini amesema hakuna shida."

"Hakuna shida katika nini? Umemwambia siku moja, pengine, mngeweza kufikiria. Sheria haijui siku moja. Inajua leo. Ukifa na barua hii, mama, jaji ataisoma, atasema alikuwa mwanamke mwema sana huyu, kisha nyumba atampa kaka yako."

"Niikaze kidogo?"

"Ikaze sana."

Avril aliikaza. Barua ya pili ilikuwa kali mno machoni pake hata ilibidi aketi baada ya kuiandika, na ili kupunguza makali akaoka pai ya nguruwe.

"Clifford, nimeamua kwamba kuanzia leo nusu yangu ya nyumba iwe mbali na yako, mradi wewe huna neno. Ukiwa na neno, usijali, tuache kama ilivyo. Pai iko kwenye oveni. Avril."

Jibu lilikuwa fupi. "Nina neno kidogo, si kubwa. Pai ilikuwa nzuri. C."

"Ulikaribia," alisema Bi Cunliffe, naye sasa alikuwa amezoea. "'Kuanzia leo' ni nzuri sana. Ungeishia hapo ningekupigia makofi. Kisha ukampa ufunguo akufungie nje."

"Nilitaka tu asijisikie vibaya."

"Ajisikie vibaya. Huhitaji ruhusa yake, na ndiyo raha yenyewe. Tangu mwaka 1925 Bunge limekupa jambo moja la kufanya bila kumuuliza mtu."

"Bila kumuuliza mtu yeyote?" Avril aliuliza kwa sauti ya chini, kama mwanamke aliyeambiwa anaruhusiwa kutembea uchi sokoni.

"Mtu yeyote. Nikuandikie mimi?"

"Nitajaribu tena. Samahani."

Akatoka, na hakujaribu. Jumatano ikapita, Alhamisi, Ijumaa. Alisafisha oveni. Alipanga makopo ya supu kwa herufi, ili Clifford asihangaike ikiwa yeye atakuwa yule wa kumi, nje ya wale tisa. Kalamu aliishika mara nne, na kila mara mkono wake uliandika "natumaini" kabla yeye hajaamua.

Jumamosi Idwal akaja, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Usigombane na kaka yako kwa sababu yangu, kipenzi," akasema. "Mimi nina mpango."

"Mpango gani?"

"Bado sijaupata. Lakini upo."

Kisha akatoa mfukoni kifurushi cha gazeti. Ndani yake zilikuwamo ndara za sufu, rangi ya bluu, za kuvaa hospitali. Avril akavua viatu vyake akazijaribu. Ziliogelea. Miguu yote miwili ya Avril ingetosha katika ndara moja, na bado ingebaki nafasi ya paka.

Idwal alizitazama, masikio yakamwiva. "Nilikisia tu," akasema. "Sikuwahi kuiona miguu yako."

Miaka kumi na tisa. Avril akabaki amekaa, vidole vimepotea ndani ya sufu ya bluu, na kutoka sebuleni ikasikika sauti ya televisheni, ambako Clifford alikuwa akitazama mashindano ya vishale huku miguu mitupu ikiwa juu ya meza ya mama yao. Avril hakuwa mwanamke wa kukasirika. Hakujua hata kwamba kile alichokisikia kifuani ni hasira, alidhani ni kile kilango.

Jumatatu asubuhi, saa tatu kamili, alimpigia simu Bi Cunliffe.

"Nisomee maneno yenyewe," akasema. "Nitaandika unavyosema."

Bi Cunliffe akasoma polepole. Mwisho wake Avril akauliza kama anaweza kuongeza "samahani".

"Kisheria haidhuru."

"Basi niiweke?"

"Kisheria haidhuru, mama. Lakini jaribu kuiacha."

Kalamu ilikaa juu ya karatasi kwa muda. Kisha Avril akaifunga kifuniko. Hakuiweka barua chini ya kopo la chumvi. Aliiweka juu ya sahani ya Clifford, kando ya yai, akakaa kitini mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na barua yoyote.

"Kwa Clifford Holroyd. Kwa barua hii ninauvunja mara moja umiliki wetu wa pamoja wa nyumba namba tisa, ili kuanzia sasa kila mmoja wetu awe na hisa yake, nusu kwa nusu. Avril Holroyd."

Clifford alisoma. Akageuza karatasi atazame nyuma, labda kuna habari za maziwa. Akasoma tena.

"Hakuna 'mpendwa'," akasema.

"Hakuna."

"Wala 'natumaini hujambo'."

"Nakuona hujambo, Cliff."

Akapasua ganda la yai kwa kijiko, taratibu. "Ni yule wa tarumbeta?"

"Anaitwa Idwal."

"Ukifa, yeye anapata nusu."

"Ndiyo."

"Nusu ipi?"

"Hakuna ipi."

"Lazima iwepo. Ya juu au ya chini? Maana choo kiko juu."

"Ni nusu ya kila kitu. Ya kila jiwe. Ya ngazi."

"Ya choo?"

"Ya choo pia."

Clifford aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, na ilionekana wazi kwamba hakuna kifungu cha sheria kilichowahi kumgusa kwa karibu namna ile. "Na mimi nikikataa?" akauliza.

"Imeshavunjika. Imevunjika ulipokuwa unamenya yai."

"Na hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Miaka sabini na moja," alisema Clifford. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyesimama kituoni akaiona treni ikipita upande ambao hakujua kwamba una reli. "Na mimi nikifa, yangu inakwenda wapi?"

"Unakoandika."

"Nisipoandika?"

"Bi Cunliffe anasema kwa Rosalind."

Kijiko kikasimama hewani. "Rosalind aliondoka na yule wa nyumba za magurudumu."

"Kwani mlimaliza talaka?"

Clifford akatazama dirishani. "Fomu ilikuwa ndefu," akasema. Kisha akaongeza, "Zamani yangu ingekuja kwako."

"Yenyewe."

"Bila mimi kufanya lolote."

"Bila wewe kufanya lolote, Cliff."

"Ulikuwa mpango mzuri ule," akasema, kwa huzuni ya mtu ambaye mambo yake yote bora yalitokea kwa kutofanya lolote. Avril akamsogezea nakala na kalamu, aandike kwamba ameipokea. Akaandika. Kidole gumba kikaacha alama ya kiini cha yai chini ya sahihi yake, na hati hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa msajili wa ardhi, pamoja na kiini chake.

Siku mbili zilizofuata Clifford hakuandika barua wala hakuongea habari za hewa, ingawa hewa ilikuwa mbaya sana na ingefaa. Jumanne alitoka mchana bila kusema aendako, akarudi ananuka mafuta ya samaki. Avril hakumuuliza. Alifunga mfuko wake, akaweka na zile ndara. Alikuwa amelipata alilolitaka, nusu ilikuwa salama, na alishangaa kwamba kulipata unalolitaka kunafanana sana na kumkosea mtu adabu.

Alhamisi saa moja asubuhi, huko Leeds, alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa lile gauni la hospitali ambalo halina mgongo, wanaume wawili walipoingia kwa pamoja. Idwal mbele, Clifford nyuma. Walikuwa wamekuja kwa treni moja. Avril alidhani dawa zimeshaanza kazi.

"Tulikutana kituoni," alisema Idwal.

"Hatukukutana," alisema Clifford. "Nilimpitia." Akavuta kiti, akakaa, akasimama, akakaa. "Jumanne nilikwenda kwake, kule juu ya samaki. Ngazi zile zitamuua mtu. Nilitaka mashahidi wawili."

"Mashahidi wa nini, Cliff?"

"Yule muuza samaki na huyu. Nilimuuliza Bi Cunliffe kwa simu kama huyu anafaa. Akasema anafaa ilimradi wewe na yeye hamjaoana. Kwa hiyo miaka kumi na tisa mmekuwa mnanifanyia wema, na mimi sikujua."

Idwal alikohoa. Avril alimtazama kaka yake, ambaye alikuwa akiisoma kwa makini karatasi ya ukutani kuhusu kunawa mikono.

"Umeandika wosia?"

"Ukurasa mmoja."

"Umemwachia nani?"

"Basi, nilikuwa nawaza tu," alisema Clifford, "kama haitakusumbua, na kama huna mpango mwingine..."

"Cliff."

"Wewe. Nimekuachia wewe. Ndiyo maana shahidi asiwe mumeo."

"Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani."

"Najua ilivyokuwa zamani. Zamani sikuandika mimi." Akakunja mikono kifuani. "Sasa usife. Nikilazimika kuandika upya, huyu bwana itabidi ashuke zile ngazi kumwita tena muuza samaki, na sitaki kusumbua watu."

Muuguzi akaja kukisukuma kitanda. Idwal aliushika mkono wa Avril hadi kwenye mlango wenye mistari myekundu, ambapo wasiougua hawaruhusiwi.

Yaliyofuata Avril alisimuliwa baadaye na muuguzi, mwanamke wa Bradford aliyependa kusimulia. Upasuaji ulichukua saa nne. Wale mabwana wawili walikunywa vikombe saba vya chai ya mashine, na kila kikombe walikisema vibaya kwa pamoja. Saa ya kwanza waliongea habari za hewa. Saa ya pili Clifford alieleza jinsi ishara za reli zinavyofanya kazi, na Idwal akasikiliza yote, jambo ambalo muuguzi hakuwahi kuliona likifanywa na binadamu. Saa ya tatu Clifford alisema, bila kumtazama, kwamba namba tisa kuna chumba cha nyuma, kina kitanda, kina mabango ya zamani ya treni ambayo yanaweza kuondolewa.

"Sidhani kama ingekuwa sawa," Idwal alisema.

"Chumba hicho kiko kwenye nusu ya Avril," alisema Clifford. "Mimi sina la kusema."

Karibu na saa saba mchana mlango wenye mistari myekundu ukafunguka, muuguzi mwingine akatoka, barakoa chini ya kidevu, akaangaza macho ukumbini.

"Ameamka," akasema. "Nani wa Avril Holroyd?"

Wote wawili wakasimama.